"Bado mdogo, haelewi": mtoto anasoma ugomvi wenu na huzuni yenu kabla hajajua kusema

Nesi wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Nipo kliniki ya mama na mtoto miaka mingi sasa, na baadaye niliongeza masomo ya afya ya akili. Shughuli ya pale mnaijua: benchi limejaa, mtoto anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mzani, nukta inawekwa kwenye kadi, chanjo, haya anayefuata. Mstari wa kadi ukianza kushuka tunauliza ananyonya vipi, anaharisha, umemwanzishia nini. Ni nadra mtu kumgeukia mama akamuuliza, "Na wewe unalala? Nyumbani kukoje?" Wakati mwingine sababu ya mstari kushuka iko hapo hapo. Mwaka 2011 jarida la Shirika la Afya Duniani lilitoa uchambuzi uliounganisha tafiti kadhaa za nchi zinazoendelea, ukaonyesha kwamba uzito pungufu na udumavu vinaonekana zaidi kwa watoto ambao mama zao wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Ila leo sina neno na kilo. Nataka tuongelee kile ambacho kadi haina pa kukiandika: mtoto anavyojifunza kutulia akishtuka, kumwamini mtu, kujua kwamba akilia yupo atakayekuja. Hayo anajifunza kwa wakubwa wawili watatu wanaomshika kila siku, na anaanza akiwa bado kwenye kanga.

Kuna kauli sichoki kuisikia: "Bado mdogo huyu, haelewi." Baba na mama wanarushiana maneno, mtoto yuko mgongoni. Haelewi. Mama amegeukia ukutani tangu asubuhi, mtoto yuko pembeni anamtazama. Haelewi. Maneno haelewi, sawa. Lakini sauti na sura ndiyo lugha pekee aliyonayo, na hiyo anaijua.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walipima ubongo wa watoto wa miezi 6 hadi 12 kwa mashine ya picha, watoto wakiwa wamelala fofofo. Wakawapigia sauti ya mwanaume akisema maneno yasiyo na maana, mara kwa hasira, mara kwa furaha, mara kawaida. Watoto waliotoka kwenye nyumba zenye ugomvi mwingi, ubongo wao uliitikia kwa nguvu zaidi ile sauti ya hasira, kwenye sehemu zinazohusika na mshtuko na kutawala hisia. Wamelala! Sasa nyie mnaosubiri asinzie ndipo muanze, mna habari.

Upande wa huzuni kuna jaribio la Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, la miaka ya 1970. Mama anacheza na mtoto wa miezi michache, wanachekeana vizuri. Kisha anaambiwa akaushe uso, amtazame tu asiitikie chochote, kwa dakika mbili tatu. Mtoto anatabasamu, hapati kitu. Anapunga mikono, anaguna, anajisukuma mbele, hapati kitu. Mwisho anageuza uso, analegea, wengine wanalia, wengine wanaanza kunyonya vidole vyao. Hiyo ni dakika mbili tatu na mama mzima kabisa. Mama mwenye sonona uso wake umekauka kwa miezi, na si kwa kuambiwa na mtu. Mwaka 1988 Tiffany Field wa Chuo Kikuu cha Miami na wenzake walichapisha kitu kilichonikaa sana: watoto wachanga wa mama wenye sonona walibaki wamezubaa hata walipochezeshwa na mtu mwingine mchangamfu. Yaani walishazoea kwamba ukitabasamu hakuna anayekujibu.

Halafu mambo haya mawili hayatembei mbalimbali. Utafiti wa Moshi uliotoka mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 1,000 tangu ujauzito, ukakuta waliofanyiwa ukatili na wenza wao walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kupata sonona baada ya kujifungua. Na kinyume chake kipo: mtu mwenye sonona anakasirika upesi, hana hamu na mwenzake, nyumba haipikwi kwa wakati, mwenzake anadhani anadharauliwa, wanaanza.

Kina baba msijifiche. Uchambuzi wa mwaka 2010 ulikuta karibu baba 1 kati ya 10 anapata sonona kipindi cha ujauzito au mwaka wa kwanza wa mtoto. Na utafiti mkubwa wa Bristol, Uingereza, uliotoka mwaka 2005, ulionyesha kwamba baba akiwa na sonona wiki chache baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto akifika miaka mitatu na nusu anakuwa na matatizo zaidi ya hisia na tabia, hasa wa kiume, hata ukishahesabu hali ya mama.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtoto mdogo, sonona na ugomvi vinafanya kazi moja. Vyote vinamwondolea mtu wa kumtuliza. Mzazi yupo chumbani lakini hapatikani. Kwa hiyo ukitaka kumtibu mtoto wa umri huu, anza na mzazi.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye matusi ayaweke akiba.

Mtoto wa Mjini

Nimeweka kambi hapa. Chai na vitumbua viko tayari.

Mzee wa Kijiwe

Mambo ya wazungu haya. Sisi tumezaliwa tisa, mzee akirudi na pombe zake mtaa mzima unajua, mama anakimbilia kwa jirani na kanga moja. Na leo wote tuna familia, wengine wana vyeo. Mnawadekeza watoto wa siku hizi mpaka wakisikia mlango unabamizwa wanahitaji daktari.

Nesi wa Zamu

Mzee shikamoo. Sikatai, wengi wanavuka. Hakuna utafiti wowote niliotaja unaosema mtoto wa nyumba hiyo ameshaharibika. Unasema uwezekano unaongezeka.

Lakini nikuulize: mama alipokimbilia kwa jirani, nyie tisa mlikuwa wapi? Nani aliwashika?

Mzee wa Kijiwe

Marahaba. Kwa bibi. Nyumba ya bibi ilikuwa hatua kumi tu. Tulikuwa tunaingia uvunguni mwa kitanda chake, anatuletea viazi, anatuimbia mpaka tunalala.

Nesi wa Zamu

Basi mzee umejibu mwenyewe. Mlikuwa na mtu mzima mmoja mtulivu ambaye yupo kila mkimhitaji. Hilo ndilo wanaosoma maendeleo ya watoto wanalikuta tena na tena: mtoto mwenye mtu mmoja wa uhakika, si lazima awe mzazi, anapona mengi. Mtoto wa leo aliyepangishwa chumba na sebule Mbagala au Tegeta, bibi yuko Singida, dada wa kazi anabadilishwa kila baada ya miezi miwili, huyo uvungu wa kukimbilia hana.

Na hili la dada wa kazi watu hawalitilii maanani. Mama yuko hoi, baba hayupo, mtoto anamng'ang'ania dada. Siku moja anaamka dada kaondoka na begi lake, hakuna aliyemwambia kitu. Mnaona mtoto halali, mnadhani ni jino linaota.

Mzee wa Kijiwe

Bado nasema mnadekeza. Ila la bibi ni kweli tupu.

Mwl wa Awali

Mleta mada ahsante. Nafundisha darasa la awali, nikuongezee tunachokiona huku.

Watu wanategemea mtoto wa nyumba yenye vurugu awe mtundu, mpigaji. Wapo hao: wanang'ata wenzao, ukiinua mkono kufuta ubao wanajikinga uso. Lakini wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale "wema". Mtoto wa miaka minne anayekuuliza "Mwalimu umekasirika?" kila baada ya dakika chache. Anayefuta meza bila kuagizwa. Anayemwaga uji kidogo anatetemeka na kuomba msamaha mara tano. Mzazi akija kuchukua ripoti anafurahi, "mwanangu ana adabu." Adabu hiyo ni woga. Anapima hali ya hewa ya kila mtu mzima anayeingia mlangoni.

Kuna wengine wanaumwa tumbo kila asubuhi ya Jumatatu. Hospitali hawaoni kitu. Wengine walishaacha kukojoa kitandani wanaanza upya. Na kwenye michezo utasikia yote. Waache wacheze baba na mama uwasikilize. "Wewe mwanamke, pesa nilikuachia imeenda wapi?" Mtoto hata namba hajamaliza kuhesabu.

Mmoja alinieleza kwamba baba yake amehama "kwa sababu nilimwaga maziwa". Kwa umri huo kila kitu kinamzunguka yeye. Msipompa maelezo, anajitungia, na kwenye maelezo yake mkosaji ni yeye.

Binti wa Makorora

Hilo la mwisho limenikata. Wa kwangu ana miaka mitatu, juzi kaniuliza "mama unalia kwa sababu sijala?"

Nesi wa Zamu

Binti, pole. Mjibu. Usimwambie "silii" wakati machozi anayaona, hapo unamfundisha asiamini macho yake. Mwambie "Mama ana huzuni leo. Si kosa lako. Mama anatafuta msaada, na wewe nakupenda." Inatosha, usimbebeshe ya mume na kodi ya nyumba. Ukitaka tuongee zaidi niandikie pembeni.

Mwl, umesema vizuri kuliko vitabu. Niongeze aina moja: mtoto anayejitoa mhanga. Sauti zikianza kupanda, anaanguka, anavunja glasi, anadai tumbo linauma. Wazazi wanaacha kugombana wanamgeukia yeye, hata kama ni kwa kumchapa. Kwake hiyo ni nafuu. Ukiona mtoto anaharibu kitu kila mnapoanza kubishana, tazama vizuri nani anafanya kazi ya usuluhishi humo ndani.

Chalii wa Arusha

Sasa mkuu, kwa hiyo tusigombane kabisa? Maana ndoa bila ugomvi ni ya kwenye picha ya harusi tu. Na mwenzako akikukorofisha unafanyaje, unatabasamu kisa kuna mtoto?

Nesi wa Zamu

Swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri.

Kuna mtafiti anaitwa Mark Cummings, wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, aliyetumia miaka mingi kuchunguza watoto wanavyotazama ugomvi wa wazazi. Mwaka 1994 yeye na Patrick Davies walieleza kwamba swali la mtoto wakati huo ni moja: je, nyumba yangu iko salama? Mnagombania nini si hoja kwake. Anachotazama ni mnavyogombana na mnavyomaliza.

Kubishana kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikilizwa, mkafika mahali, hakumuumizi mtoto. Kunaweza hata kumfundisha kwamba watu wanaopendana wanatofautiana na maisha yanaendelea. Kinachomuumiza ni matusi, vitisho vya kuondoka, kurusha vitu, kupigana, na hasa ugomvi usio na mwisho. Cummings alikuta kwamba wazazi wakimaliza tofauti zao, mtoto anatulia, na wakimaliza nusu anatulia nusu. Hata wakimalizia chumbani na yeye akaona tu wametoka wakiwa sawa, inamsaidia.

Makosa yetu tunagombana sebuleni, tunapatana chumbani usiku wa manane, asubuhi hatumwambii mtoto chochote. Yeye aliona vita, hakuona amani. Kwa hiyo asubuhi mkiwa wote wawili mwambieni: "Jana baba na mama waligombana, sauti zilikuwa kubwa, uliogopa eeh? Tumeshaongea, tumeelewana. Wewe hukukosea kitu." Kisha muishi hivyo, maana mkisema mmeelewana na chai inanywewa kwa kununiana, ataamini chai.

Chalii wa Arusha

Aisee. Hiyo ya chai nimeielewa.

Mama Kinda

Mimi kwetu hakuna kelele hata siku moja. Mume wangu hana mkono, hana mdomo. Tukikosana anakaa kimya. Wiki, wiki mbili. Anakula, anaoga, analala mzungu wa nne, asubuhi anaondoka. Ananitumia ujumbe wa ada kama vile mimi ni mhasibu. Nilikuwa najipa moyo kwamba afadhali mtoto hasikii matusi.

Nesi wa Zamu

Mama Kinda, kimya cha namna hiyo nacho ni ugomvi, tena mtoto anapata shida zaidi kukisoma kwa sababu hana pa kukishika. Mkipigiana kelele anajua kuna kitu. Mkinyamaza anahisi baridi ila akiuliza anaambiwa "hakuna kitu, nenda kacheze." Kwenye hizo tafiti za ugomvi, kununa na kujitenga kunahesabiwa pamoja na njia zinazowachosha watoto.

Lakini nisimhukumu mzee wako nikiwa mbali. Swali dogo: hicho kimya ni cha kukukomoa, au ni mtu aliyeishiwa? Analala vizuri? Ameacha vitu alivyokuwa anavipenda? Wanaume wengi sonona yao haina machozi. Inatoka kama kimya, hasira za ghafla, pombe, au kukaa kazini mpaka usiku ili asirudi.

Mama Kinda

Mpira aliacha kwenda kuangalia tangu mwaka jana alipopunguzwa kazi. Sikuwahi kuunganisha.

Mtumishi wa Bwana

Wapendwa, tusisahau haya ni mambo ya kiroho. Roho ya huzuni inakemewa. Familia ikisimama kwenye maombi hakuna sonona itakayokaa.

Mkenya wa Kisauni

Hapa Mombasa nako ni hivyo hivyo, akina mama wakijifungua wakawa hawana raha basi ana shetani, apelekwe kwa mganga au asomewe. Dada yangu alizungushwa miezi kabla ya kufikishwa kwa daktari, na mtoto muda wote huo analelewa na jirani.

Nesi wa Zamu

Mtumishi, wagonjwa wangu wengi wanatibiwa huku wanasali, na viongozi wa dini wenye busara ndio wanaonielekezea wagonjwa. Omba, ila usimzuie mtu kwenda hospitali. Mwenye sukari humwambii atupe dawa.

Mkenya, pole kwa dada. Hiyo miezi ndiyo ninayoililia. Kwa mtu mzima miezi sita ni miezi sita. Kwa mtoto wa miezi sita ni maisha yake yote.

Baba K

Wakuu nimesoma kimya kimya, acha niulize. Mke wangu amejifungua mtoto wetu wa kwanza, sasa ana miezi mitano. Alikwenda kwao Moshi, akala mtori, akatunzwa vizuri, arobaini ikaisha akarudi Dar. Hapo ndipo mambo yakabadilika. Mtoto anamnyonyesha, anamwogesha, lakini kama anafanya kazi ya mtu. Hamsemeshi. Usiku hata mtoto akilala yeye yuko macho. Nikiuliza ananijibu "nimechoka tu." Tumeshagombana sana, nilikuwa naona ananifanyia makusudi. Mtoto mwenyewe ni mpole kupita kiasi, watu wanamsifu halii. Baada ya kusoma hapa sifa hiyo siipendi tena.

Nesi wa Zamu

Baba K, umefanya vizuri kuuliza. Nitakujibu kwa urefu.

Siku chache baada ya kujifungua wanawake wengi sana wanalialia, wanabadilika hali, na ndani ya wiki mbili inapita yenyewe. Unayoeleza si hiyo. Sonona ya uzazi inaweza kuanza wakati wowote mwaka wa kwanza, na kwa mijini naiona sana arobaini ikiisha: mama alikuwa amezungukwa na mama zake, kila mtu anampikia, ghafla yuko peke yake na mtoto kutwa nzima, mume kazini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea 19.8% ya wanawake wanapata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa ni sonona. Mkeo hayuko peke yake na hakufanyii makusudi.

Kwanza, muulize bila kuzunguka, mkiwa wawili: "Umewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto?" Kuuliza hakumtii wazo. Akisema ndiyo, au ukiona anaongea vitu visivyoeleweka, anasikia sauti, halali kabisa siku mfululizo, usisubiri kesho, nenda hospitali usiku huo huo, na asibaki peke yake na mtoto.

Kama si hivyo, bado aonwe wiki hii. Kuna fomu ya maswali 10 iliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, ipo na kwa Kiswahili, inachukua dakika chache na inampa daktari pa kuanzia. Tiba ni mazungumzo na mtaalamu, na ikibidi dawa. Zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anapewa chini ya daktari, kwa hiyo asiogope kwamba ataachishwa kunyonyesha.

Na mtoto? Tuliza moyo. Yule Tronick niliyemtaja aligundua pia kwamba hata mama mwenye afya na mwanawe wanalingana karibu theluthi moja tu ya muda wanapocheza. Muda uliobaki wanapishana, wanatafutana, wanarudiana. Kule kurudiana ndiko kunakomjenga mtoto. Kwa hiyo hakuna anayemtaka mkeo acheke kutwa. Na wewe huhitaji kumsubiri apone: ukirudi kazini mchukue mtoto, mlaze mapajani uso kwa uso, mwongeleshe, akiguna guna naye, akitabasamu mjibu, akigeuka mwache apumzike, akirudi mpokee. Hiyo ndiyo dawa yake ya kila siku, na bei yake ni simu kuwekwa chini.

Mtoto wa Mjini

Hapo kwenye simu umegusa wengi, tena wasio na sonona hata chembe.

Chalii wa Arusha

Mkuu, hivi ina uhakika kwamba mama akipona na mtoto anabadilika? Au ndiyo ilishaandikwa?

Nesi wa Zamu

Ndilo eneo linalonipa moyo. Vijijini Rawalpindi, Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kijijini, wanawake wa kawaida wasio wataalamu wa akili, namna ya kukaa na mama mwenye sonona nyumbani kwake na kumsaidia kubadili fikra zake. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, mama waliokuwa bado na sonona walikuwa 23% kwa waliosaidiwa, na 53% kwa wengine. Watoto wao waliharisha mara chache kuliko wengine, walipata chanjo zaidi, na wazazi wote wawili walisema wanacheza nao zaidi. Ona hapo, hata baba ambaye hakutibiwa alibadilika. Shirika la Afya Duniani baadaye lilitoa mwongozo kutokana na kazi hiyo.

Marekani mwaka 2006 Myrna Weissman na wenzake waliwafuatilia mama waliokuwa wanatibiwa sonona. Ndani ya miezi mitatu, kwa mama waliopona, matatizo ya watoto wao yalipungua, kwa ambao hawakupona, matatizo ya watoto wao yaliongezeka. Hao watoto walikuwa wakubwa, miaka 7 hadi 17, lakini utafiti haukumtibu mtoto. Aliyetibiwa ni mama.

Mpita Njia

Mimi niulize kwa niaba ya rafiki. Anapigwa. Mtoto ana miaka miwili na nusu na anaona. Kila mtu anamwambia vumilia kwa ajili ya mtoto, mtoto anahitaji baba.

Nesi wa Zamu

Mwambie rafiki yako, kwenye kupigwa ushauri wangu wa "maliza ugomvi vizuri mbele ya mtoto" haufanyi kazi. Hapo kwanza ni usalama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake. Kituo cha polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, anaweza kupiga bure. Asitangaze kwamba anaondoka kabla hajajua anakwenda wapi, maana kipindi cha kuondoka ndicho cha hatari zaidi.

Na hilo la mtoto anahitaji baba: mtoto anahitaji mtu mzima asiyemtia woga. Wazazi kuishi mbalimbali kunamuumiza, sikatai, lakini kinachomuumiza zaidi ni ugomvi kuendelea, hata baada ya kutengana, pale anapotumwa kama tarishi: "kamwambie baba yako alete hela."

Mwl wa Awali

Hao matarishi ninao darasani. Wanakuja na ujumbe wameukariri neno kwa neno, wakisahau wanalia.

Mama Kinda

Nimeongea na mzee jana usiku. Sikuanza na lawama, nilimuuliza tu kuhusu mpira. Alinyamaza muda mrefu halafu akaongea mpaka saa nane. Hajakubali kwenda kokote, ila kaongea.

Mzee wa Kijiwe

Mwambie aje kijiweni Jumapili kuna mechi. Soda juu yangu.

Baba K

Nesi, nilimuuliza lile swali. Amesema hapana, hajawahi kufikiria kujidhuru, ila anatamani alale asiamke muda mrefu. Alilia sana, akasema alidhani nitamnyang'anya mtoto. Dada yake anakuja kukaa nasi. Tunataka kwenda Jumatatu. Tukifika hospitali tunaanzia dirisha gani? Sitaki tufike pale azungushwe akate tamaa.

Nesi wa Zamu

Baba K, kauli ya kutamani asiamke mwambie daktari kama ilivyo, usiipunguze. Na mpaka Jumatatu asikae peke yake. Akisema lolote zaidi ya hapo, msisubiri.

Mnaanza mapokezi kama mgonjwa mwingine yeyote, mnafungua faili. Hospitali ya wilaya au ya mkoa ni bora kuliko zahanati kwa hili. Mkifika kwa daktari usiseme "amechoka choka" maana ataandikiwa damu na kupimwa malaria. Sema: "Amejifungua miezi mitano iliyopita, halali, hana furaha, tunaomba aonane na mtu wa afya ya akili." Kama hapo hayupo, ombeni barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Beba kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima kama mnayo, na orodha ya dawa anazotumia, uzazi wa mpango ukiwemo.

Fikeni mapema kabla foleni haijajaa. Mtoto mje naye kwa sababu ananyonya, ila abebwe na wewe au dada wa mkeo, mkeo aingie mikono mitupu. Na wewe ingia naye chumbani kama atakubali. Akitaka aingie peke yake, kaa nje na mtoto.